Kilo Mbili

Mvua ya Tukuyu haina hodi, huingia hata masandukuni.
Karatasi za Bi Subilaga nimezianika juu ya moto,
darini, yanapokaa mahindi ya mbegu,
na bado zinanuka kuvu.

Nimeajiriwa kuzipanga. Wiki tatu, posho na chai ya rangi.
Hati ya shamba: ekari mia nne na kumi, mtelemko wa Rungwe.
Picha: binti wa Mwandemele, viatu vyeupe,
kasimama juu ya gunia asikanyage tope.
Stakabadhi ya sonara wa Mbeya, bangili sita.
Dhamana ya wachumaji kumi na mmoja, imelipwa
siku ileile lilipouzwa lori.
Barua ya mkuu wa wilaya: mkutano umezuiwa.
Nyingine kama hiyo. Nyingine.
Ya kaka yake ina mstari mmoja:
"Umemvua baba nguo kaburini."

Nilikuwa natafuta hotuba. Watu hupenda hotuba.
Nikapata daftari la mizani.
Mwandiko wa baba, wino wa buluu, umetulia
kama wa mzee wa kanisa:
kila kikapu, toa kilo mbili.
Miaka kumi na tisa.

Pembeni, kwa penseli, binti anajumlisha.
Anakosea, anafuta mpaka karatasi inatoboka,
anaanza upya nyuma ya kalenda.
Hakuna aya ya Biblia, hakuna chozi,
ila neno moja, limepigiwa mstari mara mbili:
deni.

Sokoni husema siasa aliitoa ng'ambo, vitabuni.
Mimi nasema aliitoa hapa, kwenye kutoa.

Kisha yanaanza madole gumba.
Namba moja, kiasi, tarehe, dole.
Namba mbili.
Ekari zinapungua, madole yanaongezeka,
mengine yamepasuka utadhani ramani ya mito.
Ukurasa wa mwisho ni namba mia na tisini.
Hapo ndipo shamba lilipoisha,
naye akahamia chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga,
akaendelea kukamatwa.

Mama yangu, Gwantwa, alikuwa namba mia mbili na kumi na nne.
Kikapu chake tunacho, kuku hutagia humo.
Mgongo alizikwa nao umepinda.

Juu ya jalada nimeandika: Hesabu. Haijakamilika.
Nikapaswa kufunga kamba, nichukue faili lingine.
Nimekaa tu, penseli yake mkononi,
nazidisha mbili kwa siku za mama.