Mteremko wa Mlima Nyoka

Walilileta mgongoni mwa lori,
limefungwa minyororo kama ng'ombe wa mnada,
gari lisilonywa mafuta,
na lori lililolibeba likitema moshi mweusi
tangu Dar mpaka hapa Uyole.
Sisi mafundi tukacheka. Hatukucheka sana;
kila mmoja alikuwa akihesabu moyoni
vitu anavyovijua ambavyo humo havimo.

Hamna nozeli. Hamna ringi za pistoni.
Hamna ile gasketi ya silinda hedi
iliyonisomeshea watoto wawili.

Bwana Rutashobya wa kampuni akasimama ukumbini,
viatu vyake vimeshapata udongo wetu,
akasema: tuna miaka mia na ushee kwenye magari,
na kesho ni ya umeme.
Halafu akasema: lakini msiogope,
dizeli tutawauzia miaka ishirini mingine.
Halafu akasema lipo na chotara,
injini na betri chungu kimoja.
Yote matatu kwa pumzi moja,
kisha akanywa maji.

Nikamkumbuka Ambakisye, dereva wa viazi vya Isyonje,
usiku ule wa ukungu kileleni pa Mlima Nyoka:
mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta,
kusimama hataki, kushuka hataki,
na lori zima linanuka kuungua.

Sisemi kampuni ni mwoga.
Ina matanuri ya kuyeyushia chuma, yana deni benki;
ina watu wanaofunga nati moja tangu ujana wao,
nao wana ada za shule kama zangu.
Nyumba unayolala ndani yake huibomoi
kwa kusikia tu kwamba ya jirani ina madirisha makubwa.
Ila jirani naye anajenga, usiku na mchana,
na hana ya zamani ya kuililia.

Tusekile wa duka la spea Mwanjelwa akanyoosha mkono:
"Betri ikichoka, hapa nani anaifungua?"
"Haifunguliwi, mama. Inarudishwa kiwandani."
Ukumbi ukanyamaza.
Kwetu sisi kitu kisichofunguliwa
ni jeneza.

Mchana wakatupa zamu ya kulijaribu.
Nikashuka nalo Mlima Nyoka,
huu huu ambao nimewatoa watu kwenye vyuma vyake kwa gesi na shoka.
Nikaondoa mguu. Gari likajishika lenyewe,
kama mtu anayeshuka na ndoo kichwani.
Nikatazama kioo: tunashuka, chaji inapanda.
Pembeni malori ya Tunduma yanakwangua breki,
yanaupa upepo moto ule ule
ambao sisi tulikuwa tunauweka akiba.
Miaka thelathini mteremko huu umetudai.
Leo mara ya kwanza umelipa.

Nikamwambia Bwana Rutashobya. Alikuwa kwenye simu.
"Hiyo? Hiyo ni ya kawaida," akasema,
"kwenye matangazo hatuiweki hata mbele."
Nikashangaa mtu kuwa na mbegu kiganjani
akauza mfuko.

Usiku umeme ukakatika mji mzima.
Hotelini wakawasha jenereta
ili gari la kesho lisiamke na njaa.
Nililisikia kutoka kwangu likinguruma,
dizeli, na nozeli yake ya pili mbovu.
Nikalala nikijua dawa yake.

Asubuhi, baridi ya Julai, vidole havikunjiki,
nikaifungua pampu ya Mwasenga.
Nzito. Inanuka. Inafunguka.
Kofia waliyotugawia imeandikwa KESHO
kwa herufi za kijani.
Naivaa nikiingia chini ya lori,
inazuia oili isinidondokee machoni.