Komeo

Jumamosi sisafishi wodi. Isbel Drever hunipitia
na gari lake lenye harufu ya mbwa aliyelowa,
tunaondoka Kirkwall kwa feri ya alfajiri
hadi kisiwa ambacho upepo haukuacha mti
hata wa dawa.

Chini ya malisho kuna mji.
Usicheke. Vyumba tisa ni mji
kama vina ujia, na mfereji wa maji machafu chini ya sakafu,
na rafu za mawe zinazoelekea mlango
ili mgeni aone vyombo kabla ya kumwona mwenyewe.
Zidaka, nilisema siku ya kwanza,
na mzee Rendall, mkuu wa uchimbaji, akaliandika neno
kwa penseli, na herufi zake akazikosea.

Miaka elfu tano. Walijenga ndani ya jaa lao:
majivu, makombe, mifupa ya ndege, vinyesi,
vikashikana, vikawa blanketi la ukuta.
Mavi ya kale hayanuki, nikasema.
Nilipomfasiria Isbel alicheka
akakaa kitako kwenye tope.

Nachimba kwa mwiko.
Kwetu neno hilo moja husonga ugali,
hupiga lipu,
na hukataza.
Nakwangua taratibu, basi, kama ninayeogopa kuvunja
vyote vitatu.

Chumba cha saba kimejitenga.
Mlango wake una matundu mawili ya komeo,
moja kila upande, yamelainika kwa kusuguliwa,
na yako nje.

Wote wakaja kutazama, makoti yakipigapiga.
Gereza, alisema kijana kutoka Aberdeen.
Zizi la kondoo. Wagonjwa. Maiti kabla ya kuzikwa.
Rendall alivuta pua, akasema ushahidi hautoshi,
na mvua ikaja ya ubavuni kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kizingitini.

Nassib alipofariki, mpishi wa meli,
mswaki wake bado umelowa,
nilikaa eda ghorofani, juu ya duka la nyuzi za kufumia,
miezi minne na siku kumi,
katika mji usio na mtu wa kunihesabia.
Nilihesabu mwenyewe, kwenye kalenda ya benki.
Kila asubuhi chupa ya maziwa mlangoni,
wakati mwingine mkate, mara moja samaki kwenye gazeti.
Hakubisha. Nilisikia viatu tu, vikishuka.
Sikujua jina lake hadi nilipotoka.

Mlango wangu haukuwa na komeo.
Haukuhitaji.

Sikuwaambia. Ushahidi hautoshi.
Lakini nilipapasa jiwe lile kwa kidole kilichopasuka kwa dawa za sakafu,
nikatafuta, pembeni chini, mahali pa kuwekea bakuli.
Palikuwa na bamba la jiwe, bapa.
Huenda ni bamba tu.

Bahari imekwisha kula chumba cha kwanza na cha pili.
Msimu wa baridi ukija itapanda tena,
hivyo jioni tunafunika kwa turubai
na kukandamiza kwa matairi makuukuu,
mji mzima umevaa matairi.

Fomu ina mistari ya kujaza. Nilijaza:
Chumba, saba. Komeo, nje.
Matumizi—
Isbel akachungulia begani kwangu, akangoja kidogo,
kisha akaenda kuwasha gari.