Viatu Chini ya Meza

Filamu iliisha saa nne kasorobo usiku,
jenereta bado ikikohoa nyuma ya mabati,
na sisi hamsini na kitu tukabaki kwenye mabenchi
kama abiria walioshushwa kituo kisicho chao.

Ambalo hakuna aliyelibishia ni hili:
mzee wa koti refu, mnunuzi wa vitabu vya kale,
alizunguka miji ya baridi akikisaka kimoja
kilichobaki nakala nne duniani.
Kila aliyefika ukurasa wa mwisho alitoweka,
viatu vikabaki chini ya meza, kamba zimefungwa.
Mwishowe naye akakaa. Akafunua.
Ukurasa mweupe. Sauti: "Nimekusamehe."
Mwanga. Viatu.
Basi.

"Basi nini?" akafoka Onzima wa bodaboda,
helmeti mapajani kama mtungi.
"Nimelipa elfu moja nione viatu?
Vyangu hivi hapa, ningevitazama bure."
Benchi la nyuma likampigia makofi.

Candiru, muuza chapati wa kona ya hospitali, hakucheka.
Kitabu ndicho kilichosamehe, alisema,
na mzee hakufa, ameingia.
"Hamkuona kilivyonenepa?"
Hakuna aliyekuwa ameona.
Ila tangu aliposema, wengi walikuwa wameona.

Mwalimu Ocaya akasema fumbo lisilo na jibu ni deni,
na mtunzi huyu amekopa akahama mji.
Wakazozana: nani kamsamehe nani, kwa kosa gani,
mpaka Fadhumula, karani mstaafu wa ardhi,
akafuta miwani kwa upindo wa kanzu.

"Mnaogopa kitabu cha picha.
Mimi nimetunza daftari la viwanja miaka ishirini na sita.
Ukurasa mmoja ulichanwa, mwezi wa tano, mwaka siutaji,
na ukoo mzima, na mihogo yao, na kaburi la bibi yao,
haukuwepo tena.
Viatu vilionekana barabarani, vikielekea mpakani,
na watu ndani yake.
Mwanga haukuhitajika."

Tukanyamaza.
Kisha kijana mmoja: "Mzee, sisi tunaongea sinema."

Mimi nashona vitabu nyuma ya soko la Arua,
misahafu, Biblia, daftari za vikoba.
Wakanigeukia kama shahidi wa mahakama,
nikasema nililoliona:
kitabu cha miaka mia nne
kimeshonwa kwa uzi wa nailoni.
Shetani gani huyo, duka lake liko wapi?
Walicheka mpaka mabati yakalia.
Sikuwaambia lile jingine,
kwamba karatasi ilipoinama chini ya kidole cha mzee
niliusikia uzito wake kwenye kidole changu.

Hapo Asega, mfasiri wetu, akagonga kipaza sauti.
"Hilo 'nimekusamehe' mnalogombania,"
akasema, bila zile mbwembwe zake,
"halimo. Hakuna aliyelitamka.
Kimya kilikuwa kirefu, nikaona aibu mbele yenu,
nikakijaza."

Ee! Nusu wakataka pesa zao.
Nusu wakaapa ndilo neno pekee la maana filamu nzima.
Candiru akamwangalia Asega kwa muda,
akamuuliza taratibu kosa lake nini.
Asega akaanza kukunja waya.

Kesho yake jioni nilimwona Onzima mlangoni,
elfu moja nyingine mkononi.
"Naenda kuangalia unene tu," akasema,
kabla sijamuuliza.

Nami nilirudi kwenye meza yangu.
Biblia ya mtu, mgongo umeachia.
Nikaishona kwa pamba, nikaipaka gundi,
nikaongeza mwishoni karatasi moja tupu,
kama ninavyoongeza siku zote,
ya kulinda maandishi yasichubuke.
Siku zote. Sijawahi kuitazama.
Niliitazama.

Nilipoinama kuokota sindano
niliviona viatu vyangu chini ya meza,
vimekaa sambamba, kamba zimefungwa,
na miguu yangu mitupu kwenye saruji,
nami sikumbuki kuvivua.