Ramani ya Tatu

Ramani ya kwanza niliichora peke yangu,
usiku, Katindo, kwa tochi ya simu:
ukumbi mrefu, dari ya vioo,
na kibao mlangoni: KIMYA.

Mama Nabintu aliitazama
kama anayenusa samaki wa jana.
"Vioo? Mlima ukikohoa,
nani atazoa vipande?"

Nikavifuta vioo.

Ya pili ilikuwa ya jiwe jeusi,
jiwe letu lisilo na bei,
lile lile lililoingia Birere bila hodi.
Fundi Mumbere ana jicho la kulia tu,
la kushoto lilichukuliwa na kipande cha jiwe hilo,
na bado analipasua kwa upole,
kama anayemmenyea mgonjwa kiazi.
Akasema: kuta zimekubali, injinia,
lakini nani atakuja?
Hapa watu hufuata maji.

Sikulala.
Nilipima paa: mita mia mbili na kumi za bati.
Nilihesabu mvua ya Aprili.
Nilihesabu mabidoni ya njano
yanayoshuka ziwani kabla ya jua
na kupanda tena, shingo za wasichana zikiwa mbele.

Ramani ya tatu inaanzia mferejini.
Maji ya paa yanashuka, yanapita mchangani,
yanalala tangini chini ya sakafu,
na bomba linachomoza kando ya rafu ya kwanza,
ili anayengoja zamu
mkono wake usio na kazi
ugusane na kitabu.

Nje, benchi refu la mawe,
na mahali pa kuegemeza chukudu.
Kibao cha KIMYA Kahindo alikigeuza,
nyuma yake anaandika majina ya walioazima
na wanaokwepa kurudisha. Jina langu limo.

Leo Bisimwa ameacha magunia ya makaa mlangoni.
Kahindo amempa kitambaa chenye maji, akafuta vidole,
kimoja kimoja, hata katikati.
Sasa anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
hadithi ya fisi aliyeoa,
na foleni yote ya bomba imegeuka kumsikiliza.
Akikosea, wanamsahihisha.
Akikwama, wanangoja.

Bidoni limejaa. Linafurika.
Naona mvua yangu ya Aprili ikitambaa sakafuni.
"Jamani," nasema, "fungeni bomba!"

Mama Nabintu hata hageuki.
Ananyoosha mkono, anafunga,
kidole kingine mdomoni:
"Injinia. Kimya."