Chukudu la Mboga

Nilianza kuweka mawe mwezi wa tatu.
Jiwe moja la lava kila saa,
pale ukingo wa kivuli unapokanyaga tuta.
Saa mbili, jiwe kwenye vitunguu.
Saa tatu, bado vitunguu.
Saa nne, hatua moja,
kama mtu anayelipa deni mbele ya mashahidi.
Saa tano na nusu ndipo lengalenga zangu zinaonja jua,
na ikifika saa nane mlima unashusha mawingu yake,
tunafunga siku.

Udongo huu, mnaujua?
Hapa Keshero ardhi ni chungu kilichosahauliwa jikoni kikaungua.
Niliununua Sake, magunia arobaini na mawili,
Kasereka akisukuma, mimi nikitembea nyuma
nikiokota kilichomwagika.
Nikautandaza juu ya lava
kama anayemtandikia mgonjwa godoro.
Ardhi nimeinunua kwa gunia.
Jua sikudhani lina mwenyewe.

Wahenga walisema kivuli cha mvumo hufunika walio mbali.
Hawakuishi na mikaratusi ya Baba Muhindo.
Tisa. Imesimama mpakani, upande wa mashariki,
mizizi imeingiza vidole kwenye nyufa za jiwe,
majani yanadondokea sufuria yangu
hata chai ya asubuhi inanukia dawa ya kikohozi.

Nilikwenda kwake Jumapili, baada ya misa,
na fungu la vitunguu vyembamba kama uzi
viwe shahidi wangu.
Maneno nilikuwa nimeyapanga, nimeyanoa pande zote.
Akanipa kiti. Akavitazama vitunguu.
Akasema, "Hii si miti, Mama Kavugho.
Ni nyumba."
Akahesabu kwa kidole kuanzia langoni:
minne, kuta;
miwili, boriti za paa;
mmoja, milango na madirisha;
mmoja, kitanda cha arusi;
"na ule wa mwisho wa akiba,
maana fundi hakosi kukosea."
Mwanawe aliingia Walikale kutafuta madini.
Akirudi atakata, atapasua, atajenga.
"Ameondoka muda gani?" nikauliza.
Hakunitazama mimi. Alitazama vilele.
"Mrefu hivyo," akasema.

Nilirudi na vitunguu vyangu.
Shefu wa avenyu alisema, andika barua.
Jirani wa kushoto alisema, mwaga chumvi kwenye mizizi, usiku.
Dada yangu alisema, hama.
Barua sikuandika.
Chumvi niliitia kwenye maharage.

Kuna chukudu bovu nyuma ya choo,
gurudumu la mbele limepasuka, raba imechomoka.
Nikapanga juu yake bidoni saba za njano, nimezikata ubavu,
nikazijaza udongo wa Sake, nikapanda upya.
Sasa kila asubuhi nasukuma bustani yangu barabarani
hadi mbele ya duka la unga la Masika,
ambako jua linafika kabla ya wateja.
Watoto wanapiga kelele: "Shamba linapita! Pisheni shamba!"
Masika ananidai majani ya mchana kama kodi.
Saa sita narudi nalo, likiyumba,
lengalenga zikitingisha vichwa
kama abiria waliokubaliana jambo bila kuniambia.

Jana Baba Muhindo alikuwa amesimama langoni kwake.
Hakusalimu.
Aliingia nyuma yangu pale penye mwinuko, akasukuma
kwa mkono mmoja,
ule mwingine umeshika panga
lenye utomvu mbichi kwenye makali.
Tulipofika juu akapangusa jasho, akageuka, akaenda.
Nikachungulia juu ya ua.
Chini ya mti wa tisa, ule wa akiba,
matawi matatu.
Matatu tu.

Leo nimeweka jiwe jipya.
Saa tano kasorobo.