Nyuma ya Kopo

Ami Khalfan aliniuliza mbele ya watu,
kikombe cha kahawa mkononi, bado hajakitikisa:
"Kiingereza? Kwani hukijui?
Si ndicho unachobishana nacho kwenye simu usiku kucha?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
kisha nikaenda Nizwa miaka minne
kusoma nilichokuwa nakijua.

Nikajua kwamba sikijui.
Kwamba mkato mmoja hubeba nyumba nzima,
na neno likisogezwa hatua moja
aliyekufa hafi, au anakufa mara mbili.
Mwalimu wetu, Mwairishi mwenye kikohozi,
alituapia: asomaye hivi hakosi kazi.
Hakusema kazi gani.
Mkataba wake mwenyewe ulikwisha mwezi wa Machi.

Tulivaa majoho sitini na mmoja.
Asila, aliyetushinda sote,
yuko chumbani kwake Bidbid hadi leo:
mtihani wa kimataifa ulimnyima nusu alama.
Nusu! Uzito wa kokwa ya tende.
Amelipa tena, amekaa tena,
na nusu ileile imemlalia mlangoni kama paka.
Yaqoub anaendesha teksi, Seeb hadi Ruwi.
Watalii humsifu matamshi
kisha huomba wapunguziwe baisa mia tano.
Muhanna kapata ualimu, Haima, jangwani huko,
ambako wanafunzi wanamtajia majina ya ngamia
kwa umri, kwa rangi, kwa mwendo,
naye hana ila moja la kuwarudishia.

Mie niko Barka,
kiwanda cha halua, nyuma ya kituo cha petroli.
Tangazo lilitaka "mratibu wa lugha".
Nikaenda na abaya ya Idi.
Kumbe lugha yenyewe ni mistari minane
nyuma ya kopo:
viungo, uzito, tarehe ya mwisho,
weka pakavu, mbali na jua.
Mbali na jua. Barka. Mwezi wa Juni.
Nilimwandikia meneja barua kuhusu sentensi hiyo.
Alinijibu kwa kidole gumba.

Sisemi ni kazi duni.
Kuna siku nimekaa saa nzima na zafarani
nikiitafutia sifa isiyosema uongo.
Na kuna kosa lilinipita mwezi wa Rajabu,
herufi moja, makopo elfu kumi na mbili,
halua ya kifalme ikasomeka kitu kingine
nisichoweza kukitaja mbele ya mama.
Makopo yakaenda Dubai, yakaenda Doha.
Nikangoja kufukuzwa.
Hakuna aliyegundua.
Hilo ndilo lililoniliza, garini, injini ikiwaka:
hakuna aliyegundua.

Juzi shangazi Zamzam kapiga simu kutoka Wete.
Kuna mgeni kampelekea kopo letu.
"Halua yenu tamu, lakini haya maandishi ya nyuma?
Mjukuu kayasoma mpaka katoka jasho."
Mjukuu wa darasa la saba:
msomaji wangu wa kwanza.
Nikamfasiria shangazi mstari kwa mstari,
sauti ikinitetemeka
kama mtu anayesoma kitabu chake hadharani.
Nilipofika "weka mbali na jua"
akanikatiza: "Tushaimaliza, mwanangu."

Leo nimemwendea Rajan wa uchapaji.
Nimemwonesha, chini ya ile mistari myeusi ya bei,
pana nafasi ya milimita nne.
"Ya nini?"
Sentensi moja.
"Lugha gani?"
Ya nyumbani.
Akanitazama. Na yeye anayo yake,
ya mviringo kama vikuku,
miaka kumi na saba mashineni hajaichapa hata siku moja.
Hakuniuliza kama meneja amekubali.
Akavua miwani, akaipangusa kwa shati,
akanisogezea karatasi na kalamu:
"Niandikie herufi kwa herufi.
Sitaki kukosea."