Mwinamo

Nilimjua Dzame kabla hajawa Mheshimiwa,
alipokuwa mhandisi wa mazingira mwenye buti za mpira
na kreti ya soda iliyojaa chupa za maji machafu.
Kreti nilibeba mimi.
Tulishuka Mikindani hadi mdomo wa bomba,
akachota, akafunga, akaandika saa na tarehe,
akaniambia, "Usinuse. Soma."
Mimi sikuona cha kusoma. Yeye alisoma.

Ripoti yake ililala miaka mitatu kwenye droo ya bosi,
chini ya kalenda ya kampuni ya saruji.
Mwaka wa kipindupindu, alipozikwa mjukuu wa Bi Mishi wa mahamri,
alirudisha buti stoo, akatia sahihi,
akaenda kuchukua fomu.

Wenzake waligawa leso.
Yeye alikuja barazani na ndoo mbili na mpira wa bustani:
maji hayana chama, alisema,
hayajui nani mwenyeji, nani wa kuja,
yanajua mwinamo tu.
"Na basari?" mtu akauliza. Akajibu.
"Na sanda?"
Akafungua pochi. Hilo nalo alijifunza.

Bunge la kaunti, muhula wa kwanza,
alilitamka neno *kinyesi* hata Spika akamsihi
atafute neno la staha.
"Mficha uchi hazai, Mheshimiwa Spika.
Hilo la staha nimelitafuta. Linaelea Tudor."
Walicheka, wakaenda chai,
na hoja ikarudishwa kamatini.

Sisemi alikuwa malaika.
Bajeti ya pili aliuza kura yake,
akaunga mkono taa za barabarani za bwana fulani,
taa ambazo hazikumaliza wiki,
ili apate kilomita moja na nusu ya bomba.
Nilimuuliza. Akasema,
"Hesabu ilikataa. Nikakopa."
Siku zile alikuwa akitia chumvi mara mbili kwenye chakula
na hatambui.

Bomba likazikwa.
Na kilichozikwa hakikatiwi utepe.
Nani atapiga picha jambo lisilotokea?
Mtoto ambaye hakuharisha.
Mvua ya Mei iliyopita njia yake
bila kubisha hodi jikoni kwa mtu.
Mpinzani alijenga lango la chuma, jina lake juu, rangi mbili,
tukashindwa kwa kura mia mbili na kumi na nne.
Nilikuwa wakala. Nilihesabu tena.

Sasa anafundisha Poli, masomo ya jioni.
Juzi simu ikalia akisahihisha mitihani:
Mheshimiwa mpya, sauti chini.
Chemba inafura. Wageni wako njiani.
Dzame hakucheka, ingawa mimi nilikuwa tayari.
Aliuliza tu,
"Inafurika juu ya lango lako, au chini yake?"
akawa anatafuta viatu kwa miguu, chini ya meza,
kalamu nyekundu bado mkononi.

Nikaenda kuitafuta kreti.